Kutafuta Kipuri Kidogo Kilichoanguka

Fikiri kwamba ni jioni. Umeketi barazani pamoja na mjomba wako, ambaye ni mhudumu wa afya katika zahanati. Kesho alfajiri atapanda pikipiki yake kupeleka sanduku la chanjo katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Chanjo hizo ni lazima zikae katika ubaridi wa kati ya sentigredi 2 na sentigredi 8. Kwa hiyo mjomba hawezi kukawia njiani. Huko aendako, kina mama na watoto wao watakuwa wakimngoja.

Mjomba ameisimamisha pikipiki uani, karibu na baraza, naye anaisafisha cheni. Ili aweze kuitoa cheni, inampasa kwanza aitoe klipu inayofunga kiungo chake. Klipu hiyo ni kipande chembamba cha chuma cha pua, ambacho urefu wake hukaribia ukucha wa kidole gumba. Mjomba anaisukuma kwa koleo. Mara klipu inafyatuka na kuruka! Unaitazama mikono ya mjomba: haina kitu. Unatazama chini: huoni kitu.

Je, klipu ndogo kama hiyo ina maana gani? Ina maana kubwa sana. Klipu ndiyo inayokizuia kiungo cha cheni kisifunguke. Pikipiki ikienda bila klipu, kiungo kitachomoka na cheni itakatika. Cheni iliyokatika inaweza kujiviringa na kulikaza gurudumu la nyuma ghafla, na dereva akaanguka. Ndiyo maana mjomba hasemi, "Haidhuru, tutafunga kwa waya." Anasema, "Usisogee. Tutaitafuta."

Katika sura hii utajifunza namna ya kutafuta kipuri kidogo kwa kutumia sayansi. Utaona kwamba sauti, mwanga, umbo la kitu na sumaku vyote vinaweza kukusaidia. Utaona pia kwamba mtu anayetafuta kwa utaratibu hupata upesi kuliko yule anayepapasa ovyo.

1. Simama na usikilize

Mtu anapoangusha kitu, mara nyingi huruka, huinama upesi na kuanza kupapasa huku na huku. Kufanya hivyo ni kosa. Mguu wake unaweza kukikanyaga kipuri na kukizamisha udongoni, au kukipiga teke kikaenda mbali zaidi. Jambo la kwanza ni kusimama palepale ulipo. Jambo la pili ni kutumia masikio.

Kipuri cha chuma kinachoanguka kutoka kimo cha meta 1 hufika chini katika muda usiotimia nusu sekunde. Muda huo ni mfupi mno, na macho huenda yasiweze kukifuata. Lakini masikio husikia kutoka pande zote, hata kama macho yalikuwa yakitazama kwingine. Fikiri juu ya sauti uliyoisikia.

Ukisikia mlio mwembamba unaorudiwa mara kadhaa, kipuri kimeanguka mahali pagumu, kama vile sakafu ya saruji, nacho kimedunda. Ukisikia kishindo kidogo kimoja tu, kimeanguka juu ya udongo. Ukisikia mlio kama wa kugonga debe, kimegonga sehemu fulani ya pikipiki kabla ya kufika chini. Na je, usiposikia sauti yoyote? Hata kimya hutupa habari. Kimya hutuambia kwamba kipuri kimeangukia mahali laini, au kimenaswa na nguo, au kimekwama katika pikipiki yenyewe.

Wewe na mjomba hamkusikia mlio wowote. Kwa hiyo hakuna haja ya kuanza na baraza ya saruji. Anzeni na nguo. Kunguteni mikunjo ya suruali, mifuko ya shati na viatu, polepole, juu ya kitambaa kilichotandikwa. Kisha tazameni juu ya pikipiki: juu ya injini, katikati ya waya na chini ya kiti. Pikipiki yenyewe isiondolewe mahali pake. Ikisogezwa, gurudumu linaweza kukifunika kipuri, au kipuri kilichokwama kinaweza kuangukia mahali pengine.

2. Kwa nini vitu vingine huenda mbali?

Jaribio la 1
Vifaa: nati ndogo ya chuma, chaki, futi kamba, na gunia au kanga kuukuu.

Hatua:
(a) Chora alama ya msalaba kwenye sakafu ya saruji.
(b) Shika nati juu ya alama hiyo, kwa kimo cha goti lako, kisha uiachie. Usiisukume.
(c) Nati ikitulia, chora duara dogo mahali ilipo. Pima umbali kutoka kwenye msalaba na uuandike.
(d) Rudia mara 10.
(e) Sasa tandika gunia juu ya alama, na ufanye jaribio hilohilo mara 10 nyingine.

Je, umeona nini? Bila shaka umeona kwamba juu ya saruji nati haikutulia mahali pamoja. Mara nyingine ilikaa karibu na msalaba, na mara nyingine ilikwenda mbali. Juu ya gunia ilitulia karibu sana na mahali ilipoangukia.

Sababu ni hii. Kitu kinapoanguka huwa na nishati ya mwendo. Saruji ni ngumu na chuma nacho ni kigumu. Vikigongana, sehemu kubwa ya nishati hubaki katika nati, nayo hurushwa juu tena. Hivyo tunasema kwamba nati imedunda. Gunia ni laini. Nyuzi zake husogea na kubonyea, na nishati ya nati huishia humo. Mchanga pia hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa nishati hutumika kuzisukuma punje zake.

Jaribio hili linatufundisha jambo jingine. Tazama alama zako za chaki. Nyingi zimekaa karibu na msalaba, na chache ziko mbali. Kwa hiyo anza kutafuta karibu na mahali kipuri kilipoangukia, kisha upanue eneo kidogo kidogo. Usianze mbali. Mraba wenye ubavu wa meta 1 una eneo la meta ya mraba 1. Mraba wenye ubavu wa meta 2 una eneo la meta za mraba 4. Ule wenye ubavu wa meta 3 una meta za mraba 9. Unaona kwamba ukiongeza ubavu kidogo, kazi ya kutafuta huongezeka sana.

Baadhi ya mafundi hutumia jaribio hili kazini. Wakipoteza nati, huchukua nyingine inayofanana nayo, huiachia kutoka mahali palepale, na kuitazama inakwenda wapi. Nati ya pili inaweza kuwaonyesha njia iliyofuatwa na ile ya kwanza. Lakini wawepo watu wawili wa kutazama, na nati hiyo ya pili iwe ile ambayo si hasara ikipotea!

3. Umbo la kitu na njia yake

Jaribio la 2
Vifaa: gololi, wosha, kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana na kitako chembamba, na skrubu yenye kichwa kipana.

Hatua:
(a) Ibingirishe gololi kwenye sakafu laini.
(b) Isimamishe wosha kwa ukingo wake na uisukume ijiviringishe.
(c) Kilaze kikombe kwa ubavu wake na ukisukume kidogo.
(d) Ilaze skrubu na kuisukuma vivyo hivyo.

Gololi ilikwenda mbali, nayo ilisimama ilipofika ukutani au penye bonde. Wosha ilikwenda kidogo ikiwa imesimama, ikapinda njia, kisha ikalala. Kikombe hakikwenda moja kwa moja. Kilizunguka na kurudi karibu na pale kilipoanzia. Skrubu nayo ilizunguka kama kikombe.

Kwa nini kikombe huzunguka? Mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Kikombe kikijiviringisha mara moja, mdomo husafiri njia ndefu na kitako husafiri njia fupi. Upande mmoja ukienda zaidi ya mwingine, kitu hicho hupinda. Skrubu ina kichwa kipana na mwili mwembamba. Kwa hiyo huzungukia upande wa ncha yake.

Basi, kabla ya kutafuta, jiulize: "Ninatafuta kitu cha umbo gani?" Ukipoteza gololi ya beringi, tazama penye mabonde, kwenye pembe za ukuta na kwenye mtaro. Ukipoteza skrubu, tazama karibu. Ukipoteza springi au klipu, kumbuka kwamba haikuanguka tu. Ilikuwa imebanwa, nayo ilifyatuka. Tazama upande ule ambao mdomo wa koleo ulikuwa ukielekea.

4. Mwanga wa upande

Jioni, jua likiwa karibu kuzama, kivuli chako huwa kirefu kuliko wewe mwenyewe. Saa sita mchana kivuli chako huwa kifupi. Jambo hili utalitumia katika kutafuta.

Jaribio la 3
Vifaa: tochi na punje 5 za mchele.

Hatua:
(a) Usiku, au ndani ya chumba chenye giza, mwombe mwenzako azitawanye punje za mchele sakafuni bila wewe kuona.
(b) Simama na umulike tochi kutoka juu. Hesabu punje unazoziona.
(c) Sasa ilaze tochi sakafuni, mwanga wake upite juu ya sakafu. Inamisha kichwa chako mpaka karibu na sakafu. Hesabu tena.

Tochi ikiwa juu, kivuli cha kila punje hujificha chini ya punje yenyewe. Tochi ikilazwa, kila punje hutoa kivuli kirefu. Huenda punje yenyewe isionekane vizuri, lakini kivuli chake huonekana hata kutoka mbali. Kipuri cha chuma kilicho safi hutoa dalili nyingine pia: huakisi mwanga, nasi tunauona ukimetameta. Izungushe tochi polepole, kwa maana kipuri kinaweza kumetameta ukikimulika kutoka upande mmoja na kisimetemete ukikimulika kutoka upande mwingine.

Tafuta kwa mistari. Gawanya uwanja kwa kamba au kwa kuchora ardhini, kisha tazama mstari wa kwanza wote kabla ya kuingia mstari wa pili. Fanya kama mkulima anayepalilia shamba: hauachi mstari katikati akakimbilia mwingine. Mahali ulipokwisha kutazama vizuri, paache.

ANGALIA! Usitafute kamwe kipuri cha pikipiki kwa kutumia kiberiti, mshumaa, koroboi au moto wowote. Petroli hugeuka kuwa mvuke hata bila kupashwa moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa chini, pale pale unapoinama kutafuta. Huwezi kuuona. Moto mdogo unaweza kuuwasha ghafla, ukaunguza watu na nyumba. Tumia tochi tu. Usipokuwa na tochi, ngoja mpaka asubuhi.

5. Msaada wa sumaku

Jaribio la 4
Vifaa: sumaku, msumari, nati ya chuma, gololi, kipande cha waya wa shaba, kipande cha aluminiamu, kijiko, sarafu, kipande cha mpira, karatasi na rula.

Ukikosa sumaku, mwombe mtu mzima akutolee moja katika spika ya redio iliyokufa. Redio hiyo isiwe imeunganishwa na umeme wala betri.

Hatua:
(a) Sogeza sumaku karibu na kila kifaa. Andika vile vinavyovutwa na vile visivyovutwa.
(b) Weka karatasi kati ya sumaku na msumari. Je, msumari bado unavutwa?
(c) Weka msumari mezani kando ya rula. Sogeza sumaku polepole. Andika umbali ambao msumari unaanza kuvutwa.

Umeona kwamba sumaku huvuta chuma, pamoja na vitu vingi vya chuma cha pua. Huvuta pia nikeli na kobalti. Haivuti shaba, aluminiamu, mpira wala plastiki. Huenda kijiko chako hakikuvutwa ingawa kinang'aa kama chuma. Baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi na sumaku.

Umeona pia kwamba nguvu za sumaku hupita katika karatasi, na kwamba hupungua upesi sana umbali unapoongezeka. Kwa hiyo haifai kuipitisha sumaku juu juu. Ni lazima ipite karibu kabisa na ardhi.

Kabla ya kuitumia sumaku, jiulize: "Kipuri ninachotafuta kimetengenezwa kwa nini?" Klipu ya cheni, gololi na springi hutengenezwa kwa chuma cha pua, nazo kwa kawaida huvutwa. Lakini jeti ya kabureta, ile skrubu ndogo yenye tundu jembamba la kupitishia petroli, hutengenezwa kwa shaba ya manjano. Ukiitafuta kwa sumaku mpaka kesho hutaipata. Hiyo itafute kwa mwanga. Ikiwa imeangukia mchangani, zoa mchanga wa mahali hapo na uuchekeche kwa chekecheo. Punje za mchanga zitapita, na jeti itabaki juu.

Sumaku ikipitishwa katika udongo, mara nyingi hutoka na vumbi jeusi. Hizo ni chembe zenye chuma zilizomo katika udongo. Kuzibandua ni kazi ngumu. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta, ifunge sumaku ndani ya kipande cha nailoni. Ukimaliza, ivue nailoni mbali na sumaku, nazo chembe zote zitaanguka. Zichunguze kabla ya kuzitupa.

Kipuri kikiwa mahali pembamba pasipoingia sumaku, unaweza kutengeneza sumaku nyembamba. Chukua bisibisi na uisugue kwa ncha moja ya sumaku, kutoka kwenye mpini kuelekea kwenye ncha. Ukifika mwisho, inua sumaku, urudi mwanzo na usugue tena. Fanya hivyo mara 30, kwa upande mmoja tu. Bisibisi nayo itakuwa sumaku, na itaweza kuinua skrubu ndogo.

ANGALIA! Usitie sumaku mdomoni. Sumaku mbili zikimezwa zinaweza kuvutana tumboni na kuyabana matumbo. Hilo ni jambo la hatari kubwa.

6. Kipuri kikiingia ndani ya injini

Wakati mwingine kipuri hakianguki chini, bali huingia katika tundu la injini iliyofunguliwa. Hapo sheria ni moja: injini isizungushwe. Usipige kiki. Usibonyeze swichi. Usiisukume pikipiki ikiwa katika gia, kwa maana gurudumu likizunguka, injini nayo huzunguka.

Fikiri sababu yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 50 na kushuka mara 50 katika kila sekunde. Nati moja ikiwa njiani, itatoboa pistoni au kukwaruza silinda. Ikiingia kati ya meno ya gia, meno hayo yatavunjika. Nati ya bei ndogo itakuwa imeharibu injini nzima.

Fundi mwenye busara hujaribu kwanza kuitoa nati kwa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti au waya. Akishindwa, huimwaga oili kupitia tundu lake la chini, akiikinga kwa chombo na kuichuja, kwa sababu kipuri kinaweza kutoka pamoja na oili. Akishindwa tena, huifungua injini. Kazi hiyo ni ndefu, lakini ni afadhali kuliko kuwasha injini kwa kubahatisha.

7. Kuzuia ni bora kuliko kutafuta

Mafundi hodari hawatafuti mara nyingi, kwa sababu hujiandaa kabla ya kufungua kitu. Nawe ukimsaidia mtu kutengeneza baiskeli, pikipiki au redio, fuata mambo haya:

(a) Tandika kitambaa cha rangi moja isiyokolea chini ya mahali pa kazi. Kitazuia vipuri visidunde, na vitaonekana kwa urahisi.
(b) Weka vipuri katika sahani au kopo, usiviweke juu ya kiti cha pikipiki wala mfukoni. Ukiweka sumaku chini ya sahani ya bati, vipuri vya chuma havitamwagika hata sahani ikipigwa kikumbo.
(c) Vipange kwa mfuatano ule ule uliovifungua, na uvihesabu.
(d) Ziba kila tundu la injini kwa kitambaa safi. Kitambaa hicho kiwe kikubwa, ili usikisahau ndani.
(e) Unapotoa klipu au springi, ifunike kwa kiganja au kitambaa. Ikifyatuka, itanaswa hapo hapo.
(f) Kazi ikiisha, hesabu tena. Idadi ikipungua hata kwa kimoja, kazi haijaisha.

8. Je, klipu ya mjomba iko wapi?

Turudi uani. Mmekwisha kukunguta nguo, na klipu haimo. Mmetazama juu ya pikipiki, na klipu haipo. Mmelaza tochi na kupita mstari kwa mstari. Mmeona kokoto, kifuniko cha chupa na punje ya mahindi, lakini hamkuona klipu.

Mjomba anafikiri: "Hatukusikia mlio. Kwa hiyo imeangukia mahali laini. Tochi haikuionyesha. Kwa hiyo haimetameti." Anatazama chini ya cheni. Hapo pana doa jeusi la udongo uliolowa grisi na oili ya zamani. Udongo huo ni laini kama tope. Kitu kinachoangukia humo hakilii, na kikipakwa grisi hakiakisi mwanga.

Mjomba anaifunga sumaku ya spika katika nailoni na kuipitisha polepole katika doa lile. Mara ya kwanza hapati kitu. Mara ya pili anaisogeza karibu zaidi na ardhi. Sauti ndogo inasikika: "tik!" Anaigeuza sumaku. Klipu imenasa juu yake, nyeusi kabisa kwa grisi.

Anaisafisha na kuitazama kwa makini kama imepinda au ina ufa. Ni nzima. Anairudisha cheni na kuifunga klipu, upande wake uliofungwa ukielekea kule cheni inakokwenda, ili kitu kikiipiga kisiisukume ikachomoka. Kisha anavihesabu vipuri vyake vyote. Vimetimia. Kesho alfajiri ataondoka na chanjo zake.

Kama klipu isingepatikana, au kama ingekuwa na ufa, mjomba angefanya nini? Angeazima pikipiki au baiskeli, au angenunua klipu mpya duka lifunguliwapo. Asingepanda pikipiki ile.

Muhtasari

Kipuri kikianguka, simama na usikilize. Sauti hukuambia kimeangukia mahali pa namna gani. Umbo lake hukuambia njia iliyofuatwa. Mwanga wa upande huonyesha kivuli chake. Sumaku huvuta vipuri vya chuma, lakini haivuti shaba, aluminiamu wala mpira. Kila njia ina mpaka wake. Moja ikishindwa, fikiri kwa nini imeshindwa, kisha uchague nyingine.

Maswali

1. Kwa nini si vizuri kuiondoa pikipiki mahali pake kabla ya kutafuta kipuri kilichoanguka?
2. Nati hudunda zaidi juu ya saruji kuliko juu ya gunia. Eleza sababu.
3. Mwanafunzi mmoja alitafuta katika mraba wenye ubavu wa meta 2. Mwenzake alitafuta katika mraba wenye ubavu wa meta 4. Eneo la pili ni mara ngapi ya eneo la kwanza?
4. Taja vipuri viwili vinavyovutwa na sumaku na viwili visivyovutwa.
5. Kwa nini ni hatari kutumia koroboi unapotafuta kipuri cha pikipiki?
6. Fundi amepoteza jeti ya kabureta katika mchanga mkavu. Mweleze hatua za kufuata.
7. Kwa nini tochi haikuwasaidia wewe na mjomba kuiona klipu?
8. Nyumbani: Chukua kitu kidogo kisicho na hatari, kama kifungo cha shati. Mwombe mwenzako akifiche uani. Kitafute kwa kupapasa ovyo, kisha kifichwe tena mahali pengine, nawe ukitafute mstari kwa mstari. Pima muda katika kila mara na uandike ulichogundua.